Vya kale ni dhahabu, lakini mpira wa kale ni hatari

Mjomba wangu ana pikipiki aina ya Triumph Speed Twin ya mwaka 1956. Aliinunua mkono wa pili alipokuwa kijana wa bandarini Mombasa, akaiendesha hadi ilipochoka, kisha ikakaa miaka mingi chini ya mwembe nyumbani Kilifi, imefunikwa turubai. Mwaka huu aliniita akaniambia, "Mwanangu, nataka niisikie ikinguruma tena kabla sijafumba macho."

Nilidhani kitakachonitesa ni injini. Kumbe ni mipira: ule wa petroli na ile miwili ya oili. Mjomba alitaka pikipiki yake irudi kama ilivyokuwa, kwa hivyo mipira ilipaswa kufanana na ya enzi zake. Nimejifunza kwa kukosea, na ninaandika ili mwingine asipitie njia ile ile.

Kwanza tuelewe kazi yake. Bodaboda za leo huweka oili chini ndani ya injini. Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner na kuanza kuuzwa mwaka 1937, ina tangi la oili pembeni, chini ya kiti. Mpira mmoja huteremsha oili hadi kwenye pampu, na mwingine huirudisha tangini. Ule wa kuteremsha ukiziba, injini inazunguka bila oili, na kranki na beringi zinaungua. Spea zake huzipati Kongowea.

Kosa la kwanza lilikuwa petroli. Fundi mmoja alifunga mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule ambao waashi hutumia kupimia leveli. Ni rahisi na unapatikana kila duka la hadiwea. Lakini petroli hunyonya kile kinachoulainisha. Baada ya wiki chache ulikuwa wa manjano na mgumu kama kijiti, ukaanza kuvuja pale unapoingia kwenye karabureta, juu ya injini yenye moto. Tuliuona mapema kwa sababu ya harufu tu. Rahisi huvunja upishi.

Kosa la pili ni langu. Nilipata mipira ya zamani halisi, haijawahi kutumika, ingali kwenye mfuko wake. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nilipoukunja mmoja, ukapasuka nyufa. Mpira huzeeka hata ukikaa rafuni, na joto letu la Pwani huuharakisha. Kwa chuma, spea ya zamani ambayo haijatumika ni hazina. Kwa mpira, ni takataka.

Kosa la tatu lingetumaliza. Kwenye oili tulifunga mpira laini wa maji. Pampu hufyonza, na oili moto hulainisha mpira usiofaa, hivyo ulijibana kwenye kona. Tuliokolewa na desturi moja: kila unapowasha Triumph, fungua kifuniko cha tangi la oili utazame. Utaona oili ikirudi kwa vipindi. Siku ile ilirudi, halafu ikakoma. Mjomba alizima injini kabla sijafumbua mdomo.

Basi ununue nini? Ununue mpira mpya kabisa, wenye sura ya zamani. Tafuta mpira mweusi wa naitraili, aina isiyoharibiwa na petroli wala oili, wenye nyuzi za kuuimarisha ndani. Soma maandishi ubavuni: mpira wa petroli wenye alama ya SAE J30 R7 au R9 umetengenezwa kwa kazi hiyo. Maandishi yageuze nyuma yasionekane. Mpira uliosukwa uzi wa pamba nje, wa Volkswagen Beetle, unavutia na una sura ya kikale, lakini asili yake ni Ujerumani. Kwenye Triumph anayejua atacheka.

Vipimo navyo vina mtego. Waingereza walipima kwa inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na mpira wa milimita 6 utaingia kwa kulazimishwa, huku wa 8 ukipwaya. Usipime mpira wa zamani, kwa maana umevimba au umesinyaa. Pima chuma unachoingia, kwa kalipa.

Kuhusu klipu, usiogope zile za kukaza kwa skrubu. Zilibuniwa Uingereza mwaka 1921, kwa hivyo ni za enzi zile hasa. Kaza kiasi, ukizidisha unaukata mpira.

Mwisho, weka alama mipira ya oili kabla ya kuifungua. Ukibadilisha wa kwenda na wa kurudi, umeiua injini. Na ujaze oili ndani ya ule wa kuteremsha kabla ya kuufunga, ili pampu isianze kwa kufyonza hewa.

Pikipiki iliwaka Jumapili alasiri. Mjomba hakusema neno. Alifungua kifuniko, akainama, akatazama oili ikirudi, kisha akanyoosha mkono nimpe funguo za geti.

Pwani yetu imejaa pikipiki za wazee chini ya miembe. Ukiamua kufufua moja, rangi na nikeli zitasubiri. Anza na mipira.