Mafuta ya Puani

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni PUA.

Leo twasafiri mpaka Bara Hindi. Huko kuna uganga wa kale uitwao Ayurveda, na katika uganga huo imo dawa ya kutia mafuta puani. Jina lake ni nasya. Wenyewe husema kwamba pua ndiyo mlango wa kichwa. Kitabu cha Charaka, chenye umri wa miaka 2,000 hivi, chaeleza namna ya kupika mafuta hayo. Mafuta ya ufuta huchemshwa pamoja na mitishamba mingi na maziwa ya mbuzi.

Kwanza mganga humkanda mgonjwa uso na kumpasha moto. Kisha humlaza chali, kichwa kimeinama nyuma kidogo. Mafuta ya vuguvugu hutiwa tone kwa tone. Yanayoshuka kooni hutemwa, hayamezwi. Shikeni neno hilo, hutemwa.

Je, yafaa? Pua iliyokauka hulainika, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Lakini mafuta hayasafishi mapafu, hata muuzaji akiapa.

Sasa sikilizeni vizuri. Maji yakikupalia, wakohoa mara moja. Mafuta hayawashi. Huteleza kimya kimya mpaka mapafuni, na mwili hauwezi kuyatoa upesi. Yakirundikana huleta ugonjwa wa mapafu, na mtu hajui ulikotoka. Daktari Laughlen alieleza jambo hili mwaka 1925, na mwaka 1973 yakaandikwa mambo kama hayo juu ya watoto wa kusini mwa Bara Hindi.

Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga. Hawezi kutema, naye hulia huku amelazwa chali. Hata vitabu vyao vya kale vyakataza nasya ya matone mengi kwa mtoto aliye chini ya miaka 7.

Basi wewe mama unayenisikiliza, mtoto akiziba pua usimtie mafuta wala samli. Mpanguse kamasi kwa kitambaa laini, umnyonyeshe. Akipumua mbio, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali siku ile ile, usingoje kesho.

Haya, kalamu mkononi. Andikeni jibu: Kwa nini mtu hupaliwa na maji akakohoa, lakini mafuta yakapita asijue?