Kabla ya Kununua Mashua Iliyotumika

Katika robo mwaka hii tumepokea maombi kutoka kwa kamati za parokia za pwani zinazotaka kununua mashua ndogo. Baadhi zinataka ya kuvushia wagonjwa na wanafunzi katika vijito vya mikoko, nyingine zinataka ya kuvulia samaki karibu na nchi kavu. Nyingi zimeomba mashua iliyotumika kwa kuwa mpya ni ghali. Wazo hilo ni jema. Mashua iliyotumika, ikichaguliwa vizuri, inaweza kufanya kazi miaka mingi. Ikichaguliwa vibaya, inapoteza fedha za wafadhili na michango ya waumini, na inaweza kupoteza maisha.

Tunaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea.

Tulikosea wapi

Mwaka 2015 tulisaidia kamati moja kununua boti ya faiba ya kupeleka akina mama wajawazito kwenye zahanati ng'ambo ya pili. Boti ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu na tuliikagua ikiwa inaelea, maji yakiwa yamejaa. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha, nasi tuliogopa kurudisha fedha ambazo hazijatumika. Tulisaini mkataba siku hiyo hiyo.

Miezi minne baadaye, upepo wa kusi ulipokuwa umeshika, ubao wa nyuma unaobeba injini uling'oka katikati ya kijito. Ndani alikuwamo mama mwenye uchungu pamoja na watu wengine watano. Kwa bahati maji yalikuwa yanakupwa, vijana wakaruka na kuisukuma boti hadi kwenye tope. Mama yule alijifungua salama kijijini usiku ule, lakini zahanati hakuiona. Injini ilizama. Fundi alipopasua faiba alikuta mbao za ndani zilikwisha oza zamani. Rangi ndiyo iliyotudanganya, na haraka yetu ikaisaidia.

Kwanza, jueni maji yenu

Kabla ya kutazama mashua yoyote, kamati ikae na wavuvi wa kijiji na kujibu maswali matatu: itapita wapi, itabeba nini, na itatembea majira gani?

Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Kijito kinachopitika asubuhi kinaweza kuwa tope tupu mchana. Kwa vijito kama vya delta ya Rufiji, mashua yenye tako bapa na isiyozama sana inafaa, kwa kuwa hupita kwenye maji machache na hukaa wima ikipwelewa. Lakini mashua hiyo hiyo ikitoka nje ya mlango wa mto wakati wa kusi, hupigwa na mawimbi na kuingiza maji. Kama safari zenu zinafika bahari ya wazi, tafuteni yenye mkuku na kingo za juu zaidi, mkubali kwamba nyakati nyingine itabidi kusubiri maji yajae.

Itazameni ikiwa kavu

Kagueni mashua ikiwa nchi kavu, maji yakiwa yamekupwa, ili muone tako lake lote. Nendeni na fundi wa mashua pamoja na mvuvi mzoefu, ambao hawana undugu wala biashara na muuzaji. Walipeni posho yao. Gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara.

Kwa mashua ya mbao, fundi achome kwa ncha ya kisu kwenye mkuku, kwenye mataruma na mahali mbao zinapokutana na tezi. Kisu kikizama kirahisi, mbao imeoza. Angalieni hasa ndani, kwenye ngama. Maji ya mvua yanayolala humo huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi. Alama za kutu zinazotiririka kutoka kwenye misumari zinaonyesha kwamba misumari inaliwa.

Jambo jingine ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ambao wako kwa wingi katika maeneo ya mikoko. Tundu la nje huwa dogo kama la sindano, na ndani mbao imekwisha kuwa kama sega la nyuki. Gongeni kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama mlio ni wa mbao nzima au wa kitu kitupu. Muulizeni mwenye mashua mara ya mwisho aliichoma moto lini kwa makuti na kuipaka deheni. Anayetunza chombo chake hujibu bila kusita.

Msitishwe na mashua ya mbao inayovuja kidogo mara inapoteremshwa baada ya kukaa juani. Mbao zikilowa huvimba na kujibana. Iacheni majini usiku mzima. Kama kesho yake bado mnafua maji bila kupumzika, basi kalafati imechoka au kuna mbao mbovu.

Kwa boti ya faiba, gongeni kwa sarafu mwili mzima. Panapolia kwa sauti nzito iliyokufa, tabaka zimeachana au maji yameingia. Tembeeni juu ya sakafu. Ikibonyea, ndani kumeoza. Kisha shikeni injini ilipofungwa na kuitikisa juu na chini kwa nguvu. Ubao wa nyuma usicheze hata kidogo. Sisi hatukufanya hivyo.

Injini ya kupachika

Mara nyingi injini ina thamani kubwa kuliko mashua yenyewe. Fikeni kabla haijawashwa, muiguse. Kama ni ya moto, muuzaji ameiwasha mapema ili isiwasumbue mbele yenu. Subirini ipoe. Ikishawaka, maji ya kupooza yatoke kwa mkondo imara. Fungueni oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ulizeni pia kama vipuri vyake vinapatikana katika mji wa karibu, na linganisheni namba ya injini na ile iliyo kwenye risiti. Injini huibwa sana, na parokia haipaswi kukutwa na mali ya wizi.

Ijaribuni na mzigo

Msiijaribu mashua tupu. Dumu la lita 20 likijazwa maji lina uzito wa kilo 20 hivi, kwa hiyo madumu 40 ni sawa na kilo 800. Pakieni uzito mnaokusudia kubeba, halafu pimeni ukingo uko juu ya maji kiasi gani. Sisi hatukubali chini ya shibiri mbili mahali pa chini kabisa. Idadi ya abiria mtakayokubaliana iandikwe kwa rangi ubavuni, na nahodha apewe mamlaka ya kumkatalia yeyote, hata mwenyekiti wa kamati. Ajali ya MV Nyerere katika Ziwa Victoria, mwezi Septemba 2018, ilichukua maisha ya watu zaidi ya 200, na kivuko kile kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake. Mashua ndogo huzama kwa sababu hiyo hiyo.

Hati na bajeti

Ombeni kuona usajili na leseni. Kwa Tanzania Bara, ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na shughuli za uvuvi zinahitaji leseni ya uvuvi. Ongeeni na viongozi wa BMU wa mwalo ambao mashua inatoka. Wao wanajua ni ya nani, imewahi kuzama au la, na kama kuna ndugu wanaoigombania. Mauziano yaandikwe mbele ya ofisi ya serikali ya kijiji.

Msitumie fedha zote kununulia. Tunashauri robo moja ya fedha ibaki kwa ajili ya matengenezo ya kwanza, jaketi okozi kwa kila abiria, nanga, makasia na upondo. Injini hukataa kuwaka siku yoyote, na siku hiyo upondo ndio utakaowafikisha nyumbani.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia: kuanzia sasa kila ombi la mashua iliyotumika liambatane na taarifa ya fundi, yenye sahihi yake, inayoeleza alichokikuta chombo kikiwa kavu na kikiwa na mzigo. Mkiikataa mashua ya kwanza na ya pili, hatutawaona wavivu.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: tunawaomba mtuvumilie taarifa ikisema kwamba fedha za mashua bado ziko benki. Huenda kamati inasubiri bamvua ili ione tako la mashua, au inasubiri kusi ipungue ili iijaribu. Ile kamati ya mwaka 2015 ilipata mashua nyingine baada ya kutafuta kwa miezi saba. Ni ya mbao, rangi yake imepauka, na huchomwa na kupakwa deheni kwa zamu na vijana wa kijiji. Akina mama wanaovuka nayo hufika zahanati.