Risasi Zako Haziuziki, Hata kwa Risiti

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mfanyabiashara wa Pasiansi, hapa Mwanza: "Wakili, nina leseni ya shotigani. Risasi nimenunua dukani, risiti ninayo. Sasa nasikia zimeadimika. Rafiki yangu naye ana leseni ya bunduki kama yangu. Nikimuuzia kwa bei iliyochangamka kidogo, kosa liko wapi?" Wengine huuliza kwa kuzunguka, wakimsingizia binamu. Wote wanataka nizungumzie bei: je, nikiuza kwa bei niliyonunulia itakuwa halali? Nikiongeza nauli tu?

Bei haihusiki hata kidogo. Sheria haitakuuliza ulipata faida ya shilingi ngapi, itakuuliza leseni yako ya kuuza iko wapi. Huna. Uliyonayo ni ya kumiliki.

Imani hii kwamba mwenye risasi anaweza kuziuza najua ilikotoka. Mwaka 2020, korona ilipoanza, Wamarekani waligombea risasi mpaka rafu za maduka zikabaki tupu, na waliokuwa na makasha chini ya kitanda wakayauza kwa bei ya kuruka. Video zikazunguka kwenye simu zetu hapa Mwanza. Hazikueleza kwamba Marekani ilifuta mwaka 1986 sharti la leseni ya shirikisho kwa wauzaji wa risasi za kawaida, ingawa majimbo kama California yameweka masharti yao wenyewe. Huko, mtu kumuuzia jirani kasha lake si habari. Mtu wa Buswelu akiiga biashara hiyo, anaiga sheria ya nchi nyingine.

Kwetu Tanzania inatawala Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Humo risasi zimewekewa masharti yake zenyewe, kwa hiyo nawaomba wanaoniambia "risasi bila bunduki ni chuma tu" wapumzike. Leseni yako inakuruhusu kuwa na risasi zinazoingia kwenye bunduki yako, kwa matumizi uliyoyaombea. Leseni ya rafiki yako inamruhusu hivyohivyo. Hakuna kati yenu aliyeruhusiwa kuwa duka. Muuzaji aliyeidhinishwa ana daftari: nani kanunua, lini, risasi za aina gani, ngapi. Ukimpa mwenzako kasha kwenye buti la gari pale Kirumba, risasi 25 zimetoka kwenye daftari hilo na kuingia gizani. Ukimpa bure, zimeingia gizani vilevile.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wateja wangu huisikia wakiwa wamechelewa. Kesi za risasi hazisomwi kwa sheria ya silaha peke yake. Anayekutwa na risasi kinyume cha sheria hushtakiwa kwa kifungu cha 21 cha sheria ile ya 2015, kikisomwa pamoja na aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa. Ndiyo, uhujumu uchumi. Wazee watakumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowakamia walanguzi wa sabuni, sukari na khanga. Sheria ya dharura ya mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, ikaunda baraza lake nje ya mahakama za kawaida. Mwaka uliofuata ikafutwa, ikaja hii ya 1984 tuliyonayo mpaka leo, japo imeshonwashonwa mara nyingi. Kwa hiyo anayelangua risasi wakati wa uhaba anaweza kujikuta mikononi mwa sheria iliyozaliwa na vita dhidi ya walanguzi. Sijui kama kuna anayestahili zaidi.

Tangu marekebisho ya 2016, adhabu ya makosa ya sheria hiyo ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Na kabla ya hukumu kuna kusubiri. Utapandishwa Mahakama ya Wilaya, utasomewa shtaka, kisha utaambiwa usijibu kitu kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yako. Kesi ni ya Mahakama Kuu, isipokuwa Mkurugenzi wa Mashtaka atoe cheti cha kuiruhusu isikilizwe chini, na pia hati ya ridhaa yake. Wajuaji wa mtaani huniambia, "Lakini Mahakama ya Rufani imewaachia watu kwa kasoro za hivyo vyeti." Kweli imewaachia. Waulizeni walikaa gerezani muda gani wakisubiri hiyo kasoro igundulike.

Ukali huu haukuanguka kutoka mbinguni. Wavuvi wa Kayenze na Ukerewe wanajua maana ya kuporwa injini katikati ya maji usiku na watu wenye bunduki. Ukitoka hapa kwa barabara ya Musoma, ukapita Lamadi, unapakana na Serengeti, na wanaoua wanyama kule wanahitaji risasi kuliko wewe unavyohitaji faida. Rafiki yako unamfahamu; rafiki wa rafiki yako je? Risasi ya kiwandani ina alama za kiwanda kwenye kitako, na ganda hubaki chini baada ya mlio. Polisi wakiliokota wataanza na madaftari ya wauzaji, na daftari linaweza kuwaonyesha jina lako, si la rafiki.

 

Ufanye nini basi? Kama risasi zimezidi au umeuza bunduki kwa taratibu halali zikabaki, mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya, taja aina na idadi, ambatisha nakala ya leseni na risiti, omba maelekezo, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Usizisafirishe kabla hujajibiwa. Kama ni za marehemu, msigawane kama mashamba. Toeni taarifa kituoni mapema, maana leseni ya baba haikurithishwa kwako pamoja na nyumba. Zilizoshika kutu usizitupe ziwani wala kuzichoma na takataka, waite polisi. Ukikuta mfuko wa risasi usiojulikana mwenyewe, usiuguse, piga simu. Serikali inapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, soma tarehe ya mwisho na uiheshimu. Kama unataka kweli biashara hii, omba leseni ya kuuza, ukaguliwe, ufungue daftari. Ukinyimwa, uza vipuri vya injini za mitumbwi.

Na rafiki yako anayekusumbua kwa simu, mwambie aende kwa muuzaji mwenye leseni. Akikuta rafu tupu, asubiri mzigo uingie.