Maji Hufuata Mkondo: Somo Kutoka Bonde la Nyamwamba

Mara nyingi sisi walimu hufundisha kwamba bonde ni nchi ya chini iliyo kati ya milima, kisha tukaingia neno linalofuata. Mwanafunzi huandika, hukariri, hufaulu. Tulipowapeleka wanafunzi wetu Kilembe, magharibi mwa Uganda, tuliona upungufu wa maelezo hayo.

Kilembe ni mji mdogo ulio kilomita chache kutoka Kasese, ndani ya bonde jembamba la mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori na kuishia Ziwa George. Mgodi wa shaba ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Wenyeji ni Wakonzo, lakini mgodi ulivuta wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za kuelewana kazini.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini alitusimulia mafuriko ya Mei 2013: "Mto ilikuja na mawe kubwa, ikabeba nyumba." Mwanafunzi mmoja akacheka, maana sarufi sanifu inataka "mto ulikuja na mawe makubwa, ukabeba nyumba". Mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, nyumba ilikuwa yangu." Kicheko kikakatika. Kijana aliomba radhi, na mzee akaendelea kusimulia.

Tuliondoka na mambo mawili. Kwanza, usemi ule una kanuni yake. Katika Kiswahili cha bara wasemaji wengi hupunguza ngeli: kiambishi i- hutumika kwa vitu vingi vya umoja, na kivumishi huachwa bila kiambishi. Si kwamba mzee hazijui ngeli. Lukonzo, lugha yake ya mama, ni ya Kibantu na ina upatanisho kamili. Hivyo mwalimu anaweza kuanzia Lukonzo, akamvusha mwanafunzi hadi Kiswahili sanifu bila kumdharau.

Pili, methali "Maji hufuata mkondo" huwa tunaifafanua kwa haraka kuwa ni kufuata desturi. Lakini Nyamwamba ulipojaza mawe katika mkondo wake, maji yalijitafutia njia nyingine, hata kwenye makazi. Mafuriko yalirudi Mei 2020, yakaiharibu vibaya Hospitali ya Kilembe. Pale ukingoni wanafunzi walielewa mkondo, ukingo na kina bila kufungua kamusi.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakuja darasani watoto wengi wenye Kiswahili cha mzee yule. Walimu wenzetu, tusahihishe, ndiyo, maana ndiyo kazi yetu. Ila kwanza tusikilize anachosema mtu, kisha ndipo tuishike kalamu nyekundu.