Ndimu Kwenye Droo

"Mtaalamu, duka linauza lakini hela haikai. Unamfahamu mtu?"

Swali hili nimeulizwa Mikumi, nimeulizwa Kilosa mjini, nimeulizwa Ulaya (hii yetu ya njia ya Mikumi, si ile ya kupandia ndege), na juzi nimeulizwa tena Zombo. "Mtu" anayetafutwa si mhasibu. Ni mganga. Mimi nakaa na wenye maduka na kukagua vitabu vyao, pale vinapokuwapo vitabu, na nakiri kwamba kwa swali hili uvumilivu umeniishia.

Muulizaji wa Zombo ni kijana aliyefanya kazi miaka minne kwenye ujenzi wa reli ya kisasa. Tuta likakamilika, mahandaki ya Kilosa yakachimbwa, na Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda hadi Dodoma. Treni ikapita, vijana wakarudi nyumbani. Si wao tu. Upande wa Kidodi na Ruaha, kila masika yakikolea na msimu wa miwa ukafungwa, watu hurudi vijijini na fedha ya mwisho mfukoni, na wengi wao hawaitwi tena msimu ukifunguliwa. Fedha ile hugeuka duka. Baada ya miezi saba au minane naitwa mimi, au anaitwa "mtu".

Nilimwambia afungue droo. Mlikuwa na ndimu mbili zilizokauka, chumvi ya mawe kwenye kipande cha gazeti, sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa chekundu, na shilingi 23,400. Kalamu hamna. Daftari hamna.

"Ni chuma ulete," akaninong'oneza, huku akitazama nje. Mtuhumiwa alikuwa bibi mmoja anayekuja karibu kila asubuhi kununua kibiriti cha shilingi 100 kwa noti ya elfu kumi. "Akishaondoka, droo inakuwa nyepesi."

Mdogo wangu, lazima iwe nyepesi! Amekupa noti moja, umempa noti tatu na sarafu tatu: ya elfu tano, mbili za elfu mbili, mia tano na mia mbili mbili. Vipande sita vimetoka, kimoja kimeingia. Thamani ni ileile na mia yako ya kibiriti juu yake. Bibi huyo kosa lake ni kwamba anavunja noti kwako badala ya kwa wakala.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu imani hii inafilisi watu kuliko kodi, mvua na washindani wakiwekwa pamoja. Wanaoiamini wanasema mchawi hutoa fedha yenye dawa, fedha hiyo ikiingia kwenye droo huvuta fedha nyingine, na zote humfuata mchawi nyumbani. Ndiyo maana kuna ndimu, chumvi, zindiko, na masharti ya kutouza sindano usiku. Vizuri. Sasa mniambie, kwa nini chuma ulete haijui kuchuma kwenye simu? M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Tangu hapo mawakala wameshika mamilioni kijiji hadi kijiji, na hadi leo sijaonyeshwa salio lililotoweka bila ujumbe. Wakala hutapeliwa, tena sana, lakini simu humwambia ni shilingi ngapi, saa ngapi na zimekwenda namba gani. Mchawi anayeweza kupenya bati na kufuli anashindwaje na ujumbe mfupi? Jibu ni kwamba pale kila shilingi inapoandikwa, hakuna pa kumweka mchawi. Anaishi kwenye duka lisilo na daftari tu.

Twende kwenye wezi wa kweli. Wa kwanza anakaa juu ya kaunta. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umeununua kwa 140,000. Unaufunga robo robo, pakiti 200, kila moja 750. Hiyo ni 150,000, faida 10,000. Lakini mzani umekaa kwenye kaunta iliyoinama, na mkono wako una huruma, kwa hiyo kila robo inabeba gramu 265 badala ya 250. Gramu 15, kama kijiko kimoja cha chakula. Mfuko utakupa pakiti 188. Mara 750 ni 141,000. Ukitoa nauli ya pikipiki ya shilingi 2,000, umefanya kazi ya siku mbili ukapata hasara ya 1,000. Pale Zombo nilichukua pakiti tano rafuni nikazipima upya kwa mzani wangu mdogo. Hakuna hata moja iliyokuwa na 250. Zote zilikuwa zimezidi. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kutafuta kipande cha mbao cha kusawazishia kaunta. Wakala wa Vipimo hugonga muhuri kwenye mizani ili mnunuzi asipunjwe. Anayejipunja mwenyewe hana wa kumlinda.

Mwizi wa pili ni bei ya kesho. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na sehemu nyingi kilo ikapita shilingi 4,000, hata kwetu ambako kiwanda kiko jirani. Waliokuwa na mfuko wa zamani waliuza kwa 3,000 wakajiona wema. Walipokwenda kununua mwingine, fedha yote ya mfuko mzima haikutosha mfuko mzima. Nilisikia chuma ulete ikitajwa sana miezi ile. Hakuna aliyechuma kitu. Waliuza kwa bei ya jana bidhaa ambayo ingewabidi wainunue kwa bei ya kesho.

Mwizi wa tatu ndiye mkubwa, na hapa ndipo aliyepoteza ajira anaponaswa kuliko mtu aliyezaliwa dukani. Aliyezoea mshahara amezoea fedha yenye ruhusa ya kuliwa. Ikiingia ni yake, ikiisha mwezi utafika. Akihamia dukani anaendelea kula vilevile, ila sasa mwezi haufiki. Kinachofika ni jioni, na droo iko wazi. Tulipiga hesabu ya kijana wetu kwa kukumbushana, yeye na mkewe na mimi, tukiwa tumekaa kwenye makreti ya soda. Unga wa nyumbani, mafuta ya kupikia, sabuni, vocha, nauli ya kwenda kliniki: shilingi 5,000 kwa siku, kwa wastani. Mwezi ni 150,000. Faida ya duka, tukijipendelea, 120,000. Kila mwezi mtaji uliliwa 30,000 bila mtu yeyote kuiba. Miezi minane, 240,000. Madeni ya wateja, ambayo mkewe aliyajua kichwani jina kwa jina, 260,000. Mtaji wa kuanzia ulikuwa milioni moja. Nusu yake imekwenda, na kila shilingi ina mahali ilipolala.

"Na bibi?" akauliza. Bibi ameacha shilingi 100 kila asubuhi.

Ubaya wa zindiko hauishii kwenye ada ya mganga. Ukishamshuku bibi unamkunjia uso, wajukuu zake wanahamia duka la pili, na wewe unaona wateja wamepungua, ushahidi mwingine kwamba umerogwa. Tena Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Nchi hii wamekufa vikongwe wengi kwa maneno yaliyoanza hivihivi.

Kuna dawa nyingine mpya, ya mjini, nayo ni fikra chanya. Wahamasishaji wanamwambia aliyeachishwa kazi ajiamini, aamke alfajiri, ajiite bosi mbele ya kioo. Sina ugomvi na moyo mkunjufu. Mtu aliyepoteza kazi ana msiba, na anayemharakisha kucheka hajui msiba. Lakini moyo huvunjika zaidi mtu asipojua kinachomla. Kijana yule alichangamka pale tulipofikisha 240,000 na 260,000, jumla ya kutisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza ilikuwa namba na haikuwa adui asiyeonekana. Jioni tulihesabu mauzo ya siku hiyo kwenye daftari jipya. Pungufu 1,500. Akaanza kutazama mlangoni. Mkewe akasema, "Daftari la mtoto la hesabu, mchana." Akaliandika.

Haya, ya kufanya, maana nafasi inakwisha. Jilipe mshahara kutoka dukani, mdogo kuliko faida, kwa siku moja ya wiki, na cha nyumbani kilipiwe kama anavyolipa jirani. Droo ihesabiwe asubuhi na jioni. Mkopo wa mteja uwe na kikomo na usizidi faida ya wiki moja. Usiweke fedha yote dukani. Bakiza chakula cha miezi mitatu, hasa masika. Bodaboda si jibu la kila kitu: kabla ya kununua, weka bei ya tairi, mnyororo na bima kwenye karatasi. VICOBA kabla ya mikopo ya kausha damu, daima. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa kawaida inataka kikundi, basi undeni kikundi. TIN hutolewa bure, usimlipe mtu.

Na kabla ya duka lolote, dai chako. Aliyechangia NSSF miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari yake aulize fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Wa mikataba ya msimu aulize masharti yake palepale ofisini. Aliyeachishwa kabla mkataba haujaisha, bila kosa la nidhamu, baada ya mwaka mmoja au zaidi kazini, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa isivyo halali aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtu wa mwisho aliyeniletea barua ya kuachishwa kazi alikuwa ametoka kuzindika fremu ya duka. Niliangalia tarehe. Ilikuwa siku ya 41.