Spika za Masikioni Juu ya Bodaboda: Kuongeza Sauti Hakurudishi Usikivu

Jirani yetu mmoja ni dereva wa bodaboda, huu ukiwa mwaka wake wa tisa katika kazi hiyo. Huondoka nyumbani baada ya sala ya Alfajiri na kurejea baada ya Isha. Muda wote huo, chini ya kofia yake ngumu, huwa amevaa spika ndogo za masikioni. Kwa hizo hupokea simu za wateja na kufuata maelekezo ya njia, na abiria wanapoadimika husikiliza mawaidha na kaswida.

Miezi ya karibuni mkewe alibaini jambo. Mumewe akiwa ameketi sebuleni na spika zake masikioni, maneno ya shekhe yalisikika hadi jikoni. Binti yao mdogo naye alikuwa ameacha kumwita baba yake. Akimhitaji, humwendea na kumvuta shati.

"Baba watoto," mkewe alimwambia usiku mmoja, "si kwamba sisi tunanong'ona. Ni wewe husikii."

Jirani yetu alikasirika. Yeye hujiona anasikia vizuri tu, ila watu wa siku hizi hawatamki maneno sawasawa. Adhana ya msikiti wa jirani haimfikii kama zamani, naye hudhani kipaza sauti kimeharibika. Barabarani dawa yake ni moja: kuongeza sauti ya simu.

Ndugu msomaji, hali hii imo katika nyumba nyingi, na dawa hiyo ndiyo inayozidisha maradhi. Inafaa tujue ni kwa nini.

Kelele ndani ya kofia

Wengi hudhani kofia ngumu huziba kelele. Hukinga kichwa, na hakuna ruhusa ya kuiacha, lakini upepo unaoizunguka huvuma ndani yake. Vipimo vilivyofanywa Uingereza katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 60 kwa saa, kelele katika sikio la mwendesha pikipiki hukaribia desibeli 90, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo zinavyopanda. Juu ya hizo weka injini, bomba la moshi lililotoboka na honi za malori.

Ili maneno yaeleweke katika kelele kama hizo, hayana budi kuzishinda. Basi dereva hupandisha sauti hadi desibeli 95 au 100, tena bila kuhisi kuwa ni kubwa, kwa kuwa sikio hulinganisha sauti na kelele iliyopo. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani huwashauri wafanyakazi wasizidishe saa 8 kwa siku katika kelele za desibeli 85. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni saa moja tu, na desibeli 100 ni dakika 15. Jirani yetu hukaa barabarani zaidi ya saa 12.

Wala sikio halibagui kinachosomwa. Desibeli 100 za mawaidha hudhuru sawasawa na desibeli 100 za muziki. Uzuri wa maneno hauondoi ukali wa sauti.

Kwa nini kuongeza hakusaidii

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha mithili ya konokono. Humo zimo seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno, ambazo huigeuza mitikisiko ya sauti kuwa habari iendayo kwenye ubongo. Mwanadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kelele huanza kuziua zile zinazopokea sauti nyembamba.

Hapo ndipo fumbo la nyumbani linapofumbuliwa. Katika Kiswahili irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, lakini konsonanti ndizo zinazotenganisha maana, na nyingi kati yake, kama s, sh, f na t, ni nyembamba na dhaifu. Aliyepoteza sauti nyembamba husikia kuwa mtu anasema, ila hatambui kama ametaja shati au hati, saa au taa, feni au peni. Ndiyo maana hulalamika kuwa watu hawatamki vizuri. Sauti za wanawake na watoto wadogo mara nyingi ndizo za mwanzo kumpotea.

Akiongeza sauti, irabu na mvumo huzidi, ilhali konsonanti bado hazijitokezi. Kisha kuna jambo jingine: sikio lililodhurika haliisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulitaabisha upesi. Nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" huwa finyu. Kwa hiyo sauti inayoongezwa haimrudishii alichopoteza, bali humla kilichobaki.

Yanayoweza kufanywa

La kwanza ni kipimo. Kliniki za masikio, pua na koo katika hospitali kubwa hupima kila sikio kwa sauti nene hadi nyembamba. Huenda tatizo ni nta au usaha, mambo yanayotibika. Ikiwa ni seli zilizokufa, mgonjwa atajua kiasi alichobakiwa nacho na namna ya kukilinda.

La pili ni kupunguza kelele badala ya kuongeza sauti: kofia inayobana vyema, kioo kilichoshushwa, bomba la moshi lililotengenezwa, na mwendo wa wastani. Kwa safari ndefu vipo vizibo vya masikio, lakini mwenye usikivu uliopungua amwulize mtaalamu kwanza, asije akaikosa honi.

La tatu ni mazungumzo. Simu ikiita, egesha kando, vua kofia, kisha zungumza. Ufaransa imekataza spika za kuvaa masikioni kwa waendesha vyombo vya moto tangu Julai 2015. Kuvaa upande mmoja pia si suluhisho, kwani masikio mawili ndiyo humjulisha mtu honi inatoka wapi. Hata spika zinazopitisha sauti katika mfupa wa kichwa huifikisha kwenye seli zilezile.

La nne, unaposikiliza ukiwa umetulia, tumia mipangilio ya simu. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuunganisha sauti za pande zote mbili ili mwenye sikio moja zuri asikose neno, na zinaweza kupunguza besi ili konsonanti zijitokeze. Shirika la Afya Duniani hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Nawe jipime hivi: ukifika nyumbani, zima pikipiki na usikilize kwa sauti ileile ya barabarani. Ikikushtua, ndiyo hiyo iliyokuwa ikikudhuru siku nzima.

Nyumbani nako kuna wajibu. Tumwendee mhusika, tumtazame usoni penye mwanga, tumwite kwanza ndipo tuseme, bila kupiga kelele. Televisheni ipunguzwe wakati wa maongezi. Na jina la "kiziwi" lisiwe mzaha wa watoto, kwani mtu anayechekwa huficha maradhi yake, na anayeyaficha hachelewi kuyazidisha.

Jirani yetu hatimaye alikubali kupimwa. Masikio yote mawili yamepoteza sauti nyembamba, la kushoto zaidi. Daktari alimweleza kuwa kilichokwenda hakirudi, na kwamba iko siku huenda akahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia. Sasa simu yake hutetema mfukoni, naye hupokea akiwa amesimama. Anakiri kuwa amepoteza wateja kadhaa wasiopenda kusubiri.

Binti yake bado humvuta shati. Ila siku hizi baba huchutama, akamtazama midomo, na kumwambia aseme tena.