Kikapu, Watoto na Daftari la Mama

Leo tuwatazame akina mama wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Katika milima ile mama hulima mahindi na maharage, hulea, na muda unaobaki husuka. Akishika daftari aandike mambo yake, huulizwa: "Hiyo nayo kazi ya nini?"

Tuwarejee waliotutangulia. Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, pato akalitoa sadaka. Bibi Hafsa (r.a.) alifundishwa kuandika na Bibi Shifaa bint Abdullah, na Mtume akaliridhia. Basi ufundi na kalamu si wageni katika nyumba ya Kiislamu.

Tatizo ni mizani. Wapo akina baba ambao mke akiuza kikapu, wao huacha kununua chumvi. Hiyo ni dhulma. Chumo la mke ni lake. Masurufu ya nyumba yako juu ya mume. Naye Mtume, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake hadi ufikapo wakati wa Swala.

Twashauri hivi: baada ya Alasiri baba awachukue watoto, mama apate saa moja yake. Aandike mauzo na madeni, kwani Sura al-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe. Kisha aandike na ya moyoni. Naye mama asiache kazi hiyo imsahaulishe Swala wala wanawe.